TAHARIRI: WATUMISHI WASIOONEKANA NA HAKI YA MKULIMA



Februari ni mwezi wa hofu kwa mkulima wa Dodoma. Mvua ya mwaka mzima huko ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 tu, nayo hunyesha katika msimu mmoja, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Katikati ya msimu huo mara nyingi mvua hukatika kwa majuma mawili, matatu au zaidi, wakati mtama na kunde bado zinahitaji maji. Familia nyingi zimeonja njaa, si kwa sababu mvua haikunyesha kabisa, bali kwa sababu mimea haikuweza kuyavuka majuma hayo ya jua kali.

Sasa mkulima anaanza kuambiwa kwamba msaada umepatikana. Anaonyeshwa pakiti ya bakteria wa udongo, anaelezwa jinsi ya kuzipaka mbegu zake, na kuahidiwa kwamba ukame hautamtisha tena. Je, ahadi hiyo ni ya kweli? Hatuna budi kulijibu swali hili, maana anayetakiwa kulipa ni yule mwenye fedha kidogo kuliko wote.

Tuanze na lililo kweli. Gramu moja ya udongo wenye rutuba yaweza kuwa na bakteria hadi bilioni moja. Wapo waletao magonjwa, lakini wapo wengi walio watumishi wema. Hao huishi kandokando ya mizizi, wakila sukari ambayo mmea huwatolea, nao hulipa chakula hicho kwa kazi. Mmea ukishikwa na kiu hutengeneza hewa iitwayo ethilini, ile ile inayoivisha ndizi tunapozivundika. Hewa hiyo ikizidi, mizizi hudumaa wakati ule ule inapotakiwa kwenda chini kutafuta maji. Baadhi ya bakteria hula kitu kile ambacho mmea hukitumia kutengenezea ethilini, na hivyo mizizi huendelea kukua. Wengine hutoa utelezi, mfano wa mlenda, unaoshikamanisha chembe za udongo na kutunza unyevu karibu na mizizi. Wengine tena hutoa vichocheo vinavyoifanya mizizi iwe na matawi mengi.

Elimu hii haikuanza jana. Mama mmoja mwanasayansi, Johanna Döbereiner, aliyezaliwa Ulaya mwaka 1924 na kuhamia Brazil, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza bakteria hao katika kituo cha utafiti cha umma karibu na Rio de Janeiro. Alishikilia kwamba soya ya nchi ile itegemee bakteria wa vinundu vya mizizi badala ya mbolea ya naitrojeni ya viwandani, na leo soya ya Brazil kwa sehemu kubwa hulimwa hivyo. Mwaka 1978 aliteuliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi. Alifariki mwaka 2000. Tunamtaja ili ieleweke kwamba kazi hii yaweza kufanywa kwa fedha za umma na kwa manufaa ya wakulima wote.

Lakini ukweli nusu huweza kumdhuru mtu kuliko uongo mtupu. Bakteria hawaleti mvua. Humsaidia mmea kuvuka kipindi cha kiu, wala hawawezi kuuokoa pale ambapo maji hayapo kabisa. Tena, bakteria aliyefanya vizuri ndani ya chungu cha majaribio aweza kushindwa shambani, akikuta joto kali, udongo uliochoka na wenyeji wengi waliomtangulia. Kuanzia mwaka 2009 watafiti walichunguza bidhaa zaidi ya mia moja za pembejeo zilizokuwa zikiuzwa Kenya, Ethiopia na Nigeria, zikiwamo za bakteria. Ni chache tu zilizoonyesha faida ya hakika kwa mkulima mdogo. Isitoshe, bakteria ni viumbe hai. Pakiti iliyokaa juani kwenye rafu ya duka kwa miezi kadhaa yaweza kuwa imebeba maiti tupu. Mkulima anayeinunua ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na anayeiuza huku akijua anatenda dhuluma.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna muuzaji atakayetuambia, kwa kuwa halimletei faida. Watumishi hao tayari wamo mashambani mwetu, ila tunawaua njaa. Chakula chao kingine ni mabaki ya mimea na samadi. Tunapochoma mabua kila mwaka na kuuacha udongo uchi juani, tunawafukuza tuliokwisha kupewa, kisha tunakwenda dukani kununua wengine. Wamatengo wa Mbinga, katika ngoro zao, hufukia majani chini ya udongo kabla ya kupanda, na kwa desturi hiyo wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi. Hawakungoja darubini iwaonyeshe bakteria.

Kwa hiyo tunazishauri jumuiya ndogondogo na viongozi wa walei mambo manne. Kwanza, mabua yasichomwe. Yafunike udongo, na samadi irudi shambani. Pili, mtu asiweke akiba yake yote katika pakiti asiyoijua. Kikundi kinunue kidogo, kipande vipande viwili vya shamba kwa mbegu ile ile na siku ile ile, kimoja chenye bakteria na kingine bila, kisha mavuno yapimwe kwa debe moja. Tatu, kwa kunde na jamii yake, ng'oa mche mmoja kwa uangalifu unapokaribia kutoa maua na ukate kinundu cha mzizi. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Nne, bwana shamba na bibi shamba waulizwe mbele ya watu wote: dawa hii imejaribiwa wapi, katika udongo gani, na itakufa lini?

Nazo mamlaka zinazosimamia pembejeo tunaziomba zichukue pakiti madukani na kuzipima, si kutazama karatasi za usajili tu, na matokeo yatangazwe kwa lugha ambayo mkulima anaielewa.

Haki haiishii mahakamani. Imo pia katika uzito wa mizani, katika maandishi ya pakiti, na katika jinsi tunavyoutendea udongo tutakaowaachia wanetu. Februari itakuja tena. Itukute tumeulisha udongo, na macho yetu yakiwa wazi.