Kabla Hujasaini kwa Niaba ya Mwenzio

Ukurasa huu tumezoea kuongelea mapenzi, kazi na pesa. Mwezi huu naomba tuongelee saini. Sio ile ya cheti cha ndoa, hapana. Ni ile utakayoombwa siku mwenzio kalazwa hajitambui, presha imepanda, mshipa umepasuka na damu inavujia kwenye ubongo. Daktari anakuletea fomu ya upasuaji. Utauliza nini?

Wengi tunadhani upasuaji ni mmoja tu. Kumbe! Njia ya zamani ni kufungua fuvu: mfupa unakatwa kama dirisha, damu iliyoganda inatolewa, mfupa unarudishwa. Daktari anaona vizuri, lakini ili afike ndani hulazimika kupita kwenye ubongo ulio mzima. Njia nyingine ni tundu dogo: mrija mwembamba unapitishwa kwa kuongozwa na picha, damu inanyonywa.

Ipi bora? Utafiti wa mwaka 2005, wenye wagonjwa 1,033 kutoka nchi 27, haukuona kwamba kuwahi kupasua, mara nyingi kwa kufungua fuvu, kunazidi kuanza na dawa na uangalizi. Mwaka 2024 ndipo Marekani ikaleta habari njema. Kati ya wagonjwa 300, waliofanyiwa kwa tundu dogo ndani ya saa 24 walifariki asilimia 9.3 katika siku 30 za kwanza, dhidi ya 18 ya waliotibiwa bila upasuaji huo. Ila usishangilie haraka: faida ilitokana na wale ambao damu yao ilikuwa karibu na uso wa ubongo, sio katikati kabisa.

Kwa hiyo uliza: damu iko sehemu gani? Ni nyingi kiasi gani? Zimepita saa ngapi? Hapa mnatumia njia ipi, na tukisubiri itakuwaje? Ikiwa ni nyingi na iko kisogoni, kwenye ubongo mdogo, kusubiri kunaweza kuua. Hapo usizungushe maneno.

Najua mada hii haina utamu, lakini mapenzi sio maua na chakula cha usiku tu. Wikiendi hii pimaneni presha, wewe na mwenzio. Halafu muulize: siku nikishika kalamu kwa niaba yako, ungependa nikuamulie nini? Jibu lake ndilo litakaloutuliza mkono wako.

Tukutane mwezi ujao.

Mhariri