Mtafiti akija Chechelesi, muulize atachapisha wapi

Kama unaishi Chechelesi, huenda maswali haya umeshayasikia. Ulizaliwa hapa ama mlihamia? Hii ploti mliipata vipi, na mna barua ama hati? LAPSSET imewaletea nini? Anayeuliza ana daftari ama tableti, ana kibali cha NACOSTI, ni mtu mpole, na mara nyingi ameandamana na kijana wa mtaa wa kumtafsiria Kiborana, Kiturkana ama Kisomali. Mamako anaacha kazi yake, anamwekea kiti, chai inateremshwa. Saa moja na nusu inaisha hivyo. Mgeni anashukuru, anapanda boda kurudi mjini, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Kinachofuata wewe hukioni. Anaandika makala, anaituma kwa jarida la kitaaluma, wasomi wawili watatu wanaisoma bila kujulikana majina yao (na kwa kawaida bila kulipwa), wanaikosoa, anairekebisha. Mwaka ama miwili baadaye inatoka. Sasa hebu itafute kwenye simu yako. Utaona kichwa, utaona muhtasari kwa Kiingereza kigumu, halafu utaambiwa ulipe. Kwa majarida mengi ya wachapishaji wakubwa, makala moja ni dola 40 au zaidi, yaani zaidi ya Sh5,000. Bando gani hiyo? Na humo ndani yamo maneno ya mamako.

Isiolo si mji ambao haujaandikwa. Tangu LAPSSET izinduliwe Lamu Machi 2012, na Isiolo kutajwa kuwa mji wa mapumziko, uwanja wa ndege na makutano ya barabara na reli, watafiti hawajakoma kuja. Hannah Elliott aliandika mwaka 2016 katika Journal of Eastern African Studies kuhusu jinsi watu wa Isiolo walivyokimbilia ploti wakiutarajia mji ujao. Mwaka huohuo, katika jarida hilohilo, Hassan Kochore aliandika kuhusu matumaini na hofu za watu wa kaskazini juu ya barabara mpya. Kabla yao, mwaka 2011, Saafo Roba Boye na Randi Kaarhus walichapisha utafiti kuhusu jinsi makundi mbalimbali ya Isiolo yanavyotetea madai yao ya ardhi. Huo wa tatu ulitoka katika Africa Spectrum, jarida la Ujerumani ambalo husomwa bure. Unaweza kuupakua leo ukiwa umeketi kwa kinyozi. Kumbe inawezekana.

Utasema, haya ni mambo ya wasomi, sisi yanatuhusu nini? Yanakuhusu kwa sababu ya ploti. Isiolo ni mji ambapo ploti moja inaweza kuwa na wenyewe wawili, kila mmoja na karatasi yake, na ambapo waliohamishwa kupisha uwanja wa ndege walizungushwa miaka mingi. Siku ya kusimama mbele ya tume ama hakimu, swali ni lilelile la mtafiti: mlikuwa hapa tangu lini, na nani anathibitisha? Waogiek walipoishtaki serikali ya Kenya kuhusu msitu wa Mau, mtafiti wa masuala ya ardhi, Liz Alden Wily, alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi mbele ya Mahakama ya Afrika kule Arusha. Mei 2017 Waogiek walishinda. Utafiti ulioshikika mkononi una uzito ambao kumbukumbu za mzee pekee, hata ziwe sahihi kiasi gani, mahakama huwa haizipi.

Tusimgeuze mtafiti kuwa mwizi. Mhadhiri wa chuo kikuu nchini hapandi cheo bila kuchapisha, na majarida yanayohesabiwa sana ndiyo mara nyingi yaliyo nyuma ya malipo. Akitaka makala yake isomwe bure humohumo, anaweza kudaiwa maelfu ya dola. Mhadhiri wa Kenya atayatoa wapi? Wengine wanaishia kwa majarida ya kitapeli, yanayokula ada na kuchapisha chochote bila mtu kukisoma. Wakati huo kampuni kama Elsevier imekuwa ikitangaza faida ya zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake, juu ya kazi ambayo mwandishi na wahakiki hawakulipwa. Hapo ndipo hasira yetu inafaa kuelekezwa.

Wala hatusemi kila kitu kimwagwe mtandaoni. Chechelesi si mtaa wa kabila moja. Mahojiano ambamo mtu anasema jirani yake "si wa hapa" yanaweza kuwasha moto yakisambazwa kwenye WhatsApp wiki ya kampeni. Ndiyo maana mtafiti mzuri huficha majina, na ndiyo maana kupimwa na wasomi wengine kabla ya kuchapishwa ni jambo la maana, hata kama linachelewesha. Lakini kumficha aliyesema si sawa na kumfungia asisome kilichoandikwa juu yake. La kwanza ni kumlinda. La pili, tukisema ukweli, ni biashara ya mtu mwingine.

Suluhisho si lazima lingoje Ulaya. African Journals Online, iliyoanzishwa 1998 na yenye makao Afrika Kusini, inabeba mamia ya majarida ya Afrika, mengi yakiwa ya bure. Swahili Forum huchapisha makala za kitaaluma kwa Kiswahili na haitozi msomaji senti. Na hata makala ikibaki kwa Kiingereza, kurasa mbili za Kiswahili zikisomwa kwenye baraza la chifu, ili watu waseme "hapa umetuelewa vibaya", zitagharimu nini kuliko nauli ya kuja kukusanya data? Vyuo vikihesabu kikao hicho wakati wa kupandisha vyeo, utaona watafiti wakirudi.

Kwa hivyo mgeni akija na daftari, mpe chai. Halafu, kabla hajawasha kinasa sauti, muulize: utachapisha wapi, nitasoma vipi, na utarudi lini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako binafsi zitatumika vipi, kwa hivyo usione haya. Wewe unayemtafsiria kwa siku mbili tatu una nafasi nzuri zaidi ya kuuliza, maana bila wewe hana utafiti.

Na kwa zile ambazo tayari zimetoka, usilipe hizo elfu tano. Barua pepe ya mwandishi mara nyingi huwekwa kwenye ukurasa wa makala, karibu na jina lake. Mwandikie, mwambie unatoka Isiolo na unataka nakala. Wengi hutuma, tena kwa furaha. Wiki mbili zikipita kimya, mwandikie tena.