Mashimo ya Mfalme Sulemani: Sauti katika Riwaya, Ukimya katika Filamu

Miongoni mwa tafsiri zilizopendwa na wasomaji wa Kiswahili katika karne ya ishirini, Mashimo ya Mfalme Sulemani ina nafasi ya pekee. Kitabu cha asili kiliandikwa kwa Kiingereza na H. Rider Haggard na kuchapishwa mwaka 1885. Tafsiri yake ilifanywa na Frederick Johnson, ikatoka mwaka 1929. Johnson huyo ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa lugha. Hadithi hiyo imegeuzwa kuwa filamu zaidi ya mara moja, na makala haya yatajihusisha hasa na filamu ya mwaka 1937 na ile ya mwaka 1950.

Swali linaloulizwa aghalabu katika ulinganisho wa namna hii ni kama filamu imekuwa aminifu kwa kitabu. Kwa maoni yetu swali hilo halitufikishi mbali. Filamu ina saa mbili, riwaya ina siku kadhaa za msomaji, kupunguza hakuepukiki. Hoja yetu ni nyingine: kwamba riwaya hii, pamoja na kasoro zake zote za kikoloni, ilipoingia katika Kiswahili ilimpa Mwafrika sauti ambayo filamu ilimnyang'anya, japo filamu ndiyo iliyokuja kupigwa katika ardhi yetu wenyewe.

Tukumbushane kisa kwa ufupi. Mwindaji Allan Quatermain anawaongoza Waingereza wawili, Sir Henry Curtis na Kapteni Good, kumtafuta ndugu yake Curtis aliyepotea akiifuata hazina ya Mfalme Sulemani. Wanavuka jangwa, wanapanda milima yenye theluji, na kufika nchi ya Wakukuana inayotawaliwa kwa mabavu na Twala, akisaidiwa na Gagool, mchawi kikongwe ambaye umri wake hauhesabiki. Mtumishi wao Umbopa anafichua alama ya nyoka kiunoni mwake: yeye ndiye Ignosi, mrithi halali wa kiti. Vita vinapiganwa, Twala anauawa, na Ignosi anatawala. Mwishoni, Ignosi anawaaga rafiki zake kwa hotuba nzito. Anatangaza kwamba hatamruhusu mzungu mwingine kuingia nchini mwake, awe mfanyabiashara na bunduki na pombe zake, au mhubiri.

Haggard hakuiandikia Ugogo hadithi hii. Hata hivyo, msomaji wa nyanda za kati hakuhitaji kufundishwa maana ya safari hiyo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, kisha ikakabiliana na nyika nyingine, Mgunda Mkali, kabla ya kufika Unyamwezi. Kiu ya Quatermain jangwani ni jambo linalofahamika hapa. Lakini lipo la maana zaidi ya kiu. Katika Ugogo ya karne ya kumi na tisa msafara haukupita hivi hivi. Ulilipa hongo kwa watemi ndipo ukaruhusiwa kupita na kuteka maji, na hongo hiyo ilijadiliwa, mara nyingine kwa siku nyingi. Mwenye nchi hakuwa sehemu ya mandhari. Ndiye aliyetaja masharti. Kwa msomaji mwenye urithi huo, hotuba ya Ignosi si kioja cha kubuni. Ni mtemi anayesema yale ambayo mtemi hupaswa kusema.

Tafsiri iliongeza jambo ambalo mwandishi wa asili hakulikusudia. Katika Kiingereza cha Haggard, Wakukuana wanasemeshwa kwa viwakilishi vya kale, vya namna inayopatikana katika Biblia ya zamani na katika tamthilia za Shakespeare, ilhali wazungu, wanapozungumza wao kwa wao, wanatumia Kiingereza cha siku zao. Kwa hila hiyo ya kisarufi Mwafrika amewekwa nje ya wakati wa msomaji. Kiswahili hakina hila hiyo. Nafsi ya pili umoja ni "wewe", kwa mfalme na kwa mpagazi. Heshima huonyeshwa kwa maneno mengine, si kwa kumrudisha mtu katika karne iliyopita. Hivyo Quatermain na Ignosi wanakutana katika ukurasa wa Kiswahili wakiwa watu wa wakati mmoja na wa lugha moja. Hatudai kwamba Johnson alikusudia usawa huo. Sarufi ya lugha ilifanya kazi ambayo siasa ya mfasiri haikuiagiza.

Sasa tuzitazame filamu. Ile ya mwaka 1937, iliyotengenezwa Uingereza na kuongozwa na Robert Stevenson, ilimpa Paul Robeson nafasi ya Umbopa. Robeson alikuwa mwimbaji na mwigizaji mwenye haiba kubwa, na Umbopa wake hawezi kupuuzwa. Lakini sauti yake imetolewa zaidi katika nyimbo kuliko katika hoja. Isitoshe, filamu imeingiza msichana wa Kiayalandi asiyekuwamo kitabuni, na kwa kuingia kwake mvuto wa kisa unaanza kuhama kutoka kwenye kiti cha enzi kwenda kwenye mapenzi ya wageni.

Filamu ya Marekani ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton, ilikwenda mbali zaidi. Anayetafutwa si ndugu tena bali mume, na anayemtafuta ni mkewe, Elizabeth Curtis, aliyeigizwa na Deborah Kerr. Quatermain ni Stewart Granger. Watengenezaji walisafiri Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo ya Wabelgiji na Rwanda, na upigaji picha wake, kazi ya Robert Surtees, ulipata tuzo ya Oscar. Haki yake tumpe: wanyama, nyika na maporomoko ya Murchison yamepigwa kwa ustadi. Ila Umbopa, aliyeigizwa na Siriaque kutoka Rwanda, anaonekana zaidi kuliko anavyosikika. Wacheza ngoma wa Rwanda wanaruka mbele ya kamera kwa uzuri wa kustaajabisha, na hakuna anayewauliza neno. Hotuba ya kuwafungia wageni mlango haina nafasi.

Hapa ndipo tofauti ya msingi kati ya tanzu hizi mbili inapojitokeza. Nchi ya Kukuana katika riwaya ni nchi ya kubuni. Haina mahali, na kwa sababu hiyo msomaji yeyote anaweza kuijaza kwa nyika yake mwenyewe. Kamera haiwezi kupiga picha ya nchi isiyokuwapo. Lazima ipige ya iliyopo. Basi inamchukua Mnyarwanda halisi, mwenye mfalme wake na historia yake, na kumvika ubunifu wa Haggard. Fantasia iliyokuwa mchezo wa fikra inageuka kuwa kama ushahidi, na mtazamaji wa ng'ambo anaondoka akiamini kwamba ameiona Afrika. Kitabu kilisema uongo juu ya watu wasiokuwapo. Filamu ilisema uongo uleule juu ya watu waliokuwapo.

Wapo watakaosema kwamba tunakitetea kitabu cha kikoloni. Si hivyo. Foulata, msichana wa Kikukuana anayempenda Good, anauawa na mwandishi kabla mapenzi hayo hayajamtia Good katika uamuzi wowote, na kabla ya kufa anatamkishwa kwamba jua haliwezi kuoana na giza. Maneno hayo ni ya ubaguzi na yafundishwe hivyo. Tunachosema ni kwamba kasoro za kitabu zinasomeka na kujibika kwa sababu wahusika wake wanasema. Aliyenyamazishwa hajibiki wala hatetewi, hutazamwa tu.

Wala hatusemi kwamba ukimya ni hulka ya filamu. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, iligeuzwa kuwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Nayo imepunguza mengi: riwaya ile pana imebanwa, na mapenzi ya Yasmini na Denge yamepewa uzito mkubwa. Msomaji anaweza kuyalilia yaliyoachwa. Lakini Unguja ya miaka ya 1950 inayoonyeshwa humo inasema Kiswahili, na wanaosema ndio wenye kisa. Filamu hii si aminifu kwa kila tukio, ni aminifu kwa sauti, na uaminifu huo ndio tunaoudai.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Dodoma kwa namna ya pekee. Leo mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kutengeneza filamu fupi kwa simu yake, na wengi watavutiwa kugeuza ngano za Kigogo au kazi za fantasia kama Kusadikika ya Shaaban Robert. Mibuyu na miamba ya nyanda za kati inaifaa kamera, na wanakijiji wa Bahi au Chamwino watakubali kusimama mbele yake. Lakini Mgogo tayari ana picha aliyochorewa na wengine, ya mtu wa njaa na kuomba barabarani. Tukimpiga picha akicheza tu, bila kumwachia neno lililo lake, tutakuwa tumerudia kosa la mwaka 1950 tukiwa hatuna hata kisingizio cha ugeni.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba idara zetu zifundishe riwaya na filamu yake pamoja, na kwamba mwanafunzi, kabla ya kupima uaminifu wa matukio, aulize: nani anasema, kwa lugha gani, na nani anaonyeshwa bila kusemeshwa. Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo la kuanzia.