Masisi na Walikale: gurudumu na freni, kujifungia nyumbani ao kupeleka kwa fundi?

Barabara inayotoka Masisi-Centre kwenda Sake inamalizika kwa mteremko. Ukipita Mushaki, kila kitu chenye magurudumu kinataka kushuka haraka kuliko anavyotaka mwenye kukiendesha. Pikipiki inashuka na abiria wawili na mfuko wa maharagi. Chukudu inashuka na magunia ya makala, mwenyewe amepiga goti moja juu ya mbao. Mahali kama hapo, jambo lililoonekana kuwa la franka kidogo linageuka kuwa jambo la uhai: freni ile ilifungwa na nani?

Katika vijiji vya Masisi na Walikale swali hilo lina majibu mawili. Wa kwanza wanasema: jifungie mwenyewe nyumbani, fundi atakula pesa yako bure. Wa pili wanasema: kila kazi ina mwenyewe, peleka garaje. Pande zote mbili zina ukweli, lakini zote zinabishana juu ya mtu anayeshika funguo za bulo na kusahau jambo kubwa zaidi. Kazi nyingi, za nyumbani na za garaje, zinaisha bila kupimwa, bila kujaribiwa, na bila mtu wa kuzijibia.

Wanaojifungia wenyewe wasichekwe. Wana sababu tatu nzito.

Ya kwanza ni pesa. Wamotari wengi hawaendeshi pikipiki yao wenyewe. Wanapaswa kumpelekea mwenye pikipiki versement. Siku pikipiki inalala garaje, versement hailali. Kama mwenye pikipiki anasema matengenezo madogo ni juu ya dereva, basi dereva atafungua gurudumu usiku, kwa mwangaza wa telefone, ili asubuhi awe barabarani.

Ya pili ni umbali. Teritware ya Walikale ina zaidi ya kilometa za mraba 23 000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni pori. Sheni ikikatika kati ya vijiji viwili, fundi wa karibu ni mikono ya motari mwenyewe. Asiyejua kufungua gurudumu lake hawezi kufanya kazi kule hata wiki moja.

Ya tatu ni vita. Waasi wa M23 walichukua Rubaya mwaka 2024, wakachukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha wakaingia Walikale-Centre Machi 2025 na kuondoka humo mwanzoni mwa Aprili. Wakati mstari wa mapigano unapita kati ya duka la vyombo na pikipiki, motari hana la kuchagua, anafunga kile alichonacho. Na mafundi pia ni watu. Wanakimbia na familia zao kama wengine, na sanduku la funguo ni zito kubeba.

Kwa hiyo kumwambia motari wa Walikale "usiguse kitu, nenda garaje" ni kumwambia maneno ya mjini. Lakini kumwambia "fanya kila kitu mwenyewe" ni kumpeleka kaburini pamoja na abiria wake.

Mabishano haya hayako Kivu tu. Katika milima ya theluji ya Ulaya na Amerika, watu wanateleza na mbao mbili ndefu miguuni. Kila mbao ina kifaa kinachoshika kiatu. Kifaa hicho kina kazi mbili: kushika mguu wakati wa kuteleza, na kuuachilia mara moja mtu anapoanguka, ili mguu usivunjike. Kule pia kuna wanaotoboa mbao na kufunga kifaa hicho nyumbani, na kuna wanaolipa duka. Anayefunga nyumbani anaokoa pesa, lakini tundu likitobolewa vibaya, mbao hairudi kuwa mpya. Duka zuri linauza vitu vitatu. Kwanza kipimo kinachoonyesha mahali pa kutoboa kulingana na kiatu. Pili mashine ya kujaribu kama kifaa kinaachilia mguu kwa nguvu inayotakiwa. Tatu karatasi inayoonyesha kazi iliyofanywa na nani aliifanya.

Kipimo, jaribio, jina. Mteja analipia hayo matatu. Bisibisi anayo hata yeye nyumbani.

Sasa garaje za kando ya barabara zipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Fundi mzuri yupo, na wateja wanamjua. Anauliza pikipiki inabeba nini na inapita wapi. Anafungua, anasafisha, anaonyesha mteja chombo kilichoisha, anafunga, kisha anapanda yeye mwenyewe kujaribu. Lakini kuna garaje nyingi ambapo mwenye kazi anakwenda kutafuta chakula, na kijana aliyeanza kujifunza juzi ndiye anayefunga gurudumu la nyuma. Hakuna anayejaribu. Mteja analipa, anawasha, anaondoka. Hapo mteja amenunua kazi ya nyumbani kwa bei ya garaje. Na kwa ukweli, kijana yule hatapanda pikipiki hiyo. Motari anayejifungia mwenyewe angalau anajua ni shingo yake iko juu yake.

Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya watu wa kufunga nyumbani: mwenye kuogopa kufa anafanya kwa uangalifu. Ni kweli, lakini haitoshi, kwa sababu uangalifu si kipimo. Mtu anaweza kukaza sheni kwa upendo wote, na gurudumu likabaki limeenda upande mmoja kwa sababu hakutazama alama zilizo kwenye mikono miwili inayoshika gurudumu la nyuma. Alama zile zinapaswa kulingana kushoto na kulia. Mtu anaweza kurudisha klipu ya sheni ikiwa imegeuzwa. Upande wake uliofungika unapaswa kutangulia kule sheni inakoelekea, la sivyo jiwe ao mti unaweza kuitoa. Mtu anaweza kusahau ile pini ndogo inayozuia bulo la ekseli lisifunguke lenyewe. Haya yote si kukosa uangalifu. Ni kukosa kufundishwa.

Basi mpaka uwekwe wapi? Kanuni moja inaweza kusaidia Masisi na Walikale pia: kile ambacho kikiharibika unabaki barabarani, jifunze kukifanya mwenyewe, kile ambacho kikiharibika unakufa ao unaua, kipeleke kwa mtu mwenye kipimo, na ukilazimika kukifanya porini, kihesabu kuwa hakijaisha mpaka fundi akitazame.

Kwa pikipiki, upande wa nyumbani ni mkubwa. Kubadilisha mafuta ya injini, kusafisha bujia, kuziba tairi, kupaka sheni mafuta na kuikaza kwa kufuata alama, kurekebisha mchezo wa pedali ya freni: motari yeyote anaweza kujifunza hayo kwa siku chache, na anapaswa kuyajua. Kwenye pikipiki nyingi zenye freni ya ngoma kuna mshale mdogo nje ya gurudumu. Mtu akikanyaga freni na mshale ukapita alama ya mwisho, garnitiri, vile vipande viwili vinavyobana ndani ya ngoma, zimeisha. Kuutazama mshale huo ni bure, tena hakuhitaji hata ufunguo mmoja.

Upande wa fundi ni mdogo, lakini hauna mchezo. Garnitiri mpya zinapofungwa, ngoma yenyewe inapaswa kutazamwa kama haijalika sana ao kupasuka, na hakuna tone la mafuta linalopaswa kugusa ndani. Rulemani, zile pete zenye gololi zinazofanya gurudumu lizunguke, zikigongwa vibaya kwa nyundo zinaanza kufa siku hiyo hiyo. Usukani ukilegea unahitaji kukazwa kwa kiasi: ukikazwa kupita kiasi, pikipiki haigeuki vizuri, ukiachwa umelegea, inatetemeka kwenye mteremko.

Halafu kuna portibagaji. Katika barabara za Kivu chuma hicho kinaongezwa urefu ili kibebe magunia, vitanda, hata wagonjwa. Watu wanaona ni kazi ya kuchomelea tu. Lakini mzigo ukikaa nyuma sana ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Usukani haushiki, na freni ya mbele inakosa uzito wa kuifanya ifanye kazi. Na kuchomelea hovyo juu ya fremu kunaweza kudhoofisha chuma pale pale penye kubeba uzito. Anayefanya hivyo nyuma ya nyumba haoni hatari siku ile. Anaiona kwenye kona.

Chukudu nayo isidharauliwe. Goma ilimjengea mwendesha chukudu sanamu kwenye mzunguko mkubwa wa mji, na ilifanya vema: tangu miaka ya 1970 chombo hicho cha mbao kinalisha masoko. Kinaweza kubeba mamia ya kilo. Kwa kuwa ni mbao na misumari, wengi wanafikiri kila mtu anaweza kujitengenezea. Kubadilisha mkanda wa tairi kuukuu unaozunguka gurudumu, ndiyo, hiyo ni kazi ya nyumbani. Kubadilisha kipande cha raba cha freni ya nyuma, kile kinachokanyagwa ili kibane gurudumu, nayo inawezekana, mradi kijaribiwe kabla ya mzigo. Lakini kutoboa tundu la ekseli na kuketisha rulemani ndani ya mbao ni kazi ya fundi wa chukudu. Hapa mambo yanafanana kabisa na zile mbao za theluji: tundu likienda upande, ao likiwa pana kuliko rulemani, mtu anaanza kupachika vipande vya bati ao raba ili kubana. Kwenye tambarare kinatembea. Kwenye mteremko, chini ya magunia, kinatoka.

Wale wa Walikale wana adui mwingine, maji. Pikipiki ikivuka mto ao dimbwi refu, maji yanaweza kuingia ndani ya ngoma, na freni iliyokuwa nzuri dakika mbili kabla inakuwa haishiki. Hakuna garaje inayotengeneza hilo. Ni dereva ndiye anayepaswa kwenda polepole baada ya maji, akigusa freni kidogo kidogo mpaka zikauke na zishike tena. Vivyo hivyo wale wanaozima injini kwenye mteremko ili kuokoa esanse: wanaokoa matone, lakini wanatupa msaada wa injini na kuacha kazi yote kwa freni peke yake. Fundi bora wa Kivu nzima hawezi kumlinda mtu dhidi ya tabia hiyo.

Mwenye kwenda kwa fundi naye ana haki ya kudai. Adai kuona chombo cha zamani kilichotolewa. Adai kazi ifanywe ao itazamwe na fundi mwenyewe, si mwanafunzi peke yake. Adai jaribio mbele yake: kwanza kwenye tambarare bila mzigo, kisha kwenye mteremko mdogo, ndipo mzigo upandishwe. Na adai karatasi, hata ukurasa wa daftari ya shule, wenye tarehe, kazi iliyofanywa na jina. Fundi mzuri hatakasirika. Karatasi hiyo ni tangazo lake. Anayekasirika amejibu swali tayari.

Wamiliki wa pikipiki nao wasijifiche. Anayedai versement kila siku na kukataa kulipa garnitiri anachuma faida kutoka kwenye freni iliyokufa. Siku moja ya mwezi bila versement, kwa ajili ya kutazama freni, magurudumu na usukani, ni bei ndogo kuliko mazishi. Vyama vya wamotari vingeweza kuweka siku hiyo kama sheria yao ya ndani, kwa kuwa motari mmoja akidai peke yake, mwenye pikipiki atampa mwingine. Na mahali usalama unaporuhusu, vyama hivyo vingemwita fundi anayeheshimiwa afundishe wanachama mambo matano ao sita ya lazima. Serikali iliunda INPP tangu 1964 kwa ajili ya kufundisha watu kazi za ufundi. Mafunzo mafupi ya freni kwa wamotari wa vijijini yangekuwa kazi inayofaa sana kwake.

Barabara mbovu na vita haviko mkononi mwa motari wala mwa fundi. Bulo lililokazwa liko mkononi mwao. Na abiria anayepanda nyuma kule Nyabiondo, Kashebere ao Masisi-Centre hana funguo wala kipimo, lakini ana mdomo. Kabla ya kubishana juu ya bei, aulize maswali mawili: freni hizi zilifungwa na nani, na zilijaribiwa wapi? Motari mwenye jibu, apande naye. Asiye na jibu, amwache aende peke yake.