Mahali alalapo mwanafunzi ni sehemu ya masomo yake

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi na walimu hukesha wakijadili kozi. Je, mtoto asomee uhandisi au ualimu, sheria au kilimo? Mjadala huo una haki yake. La kushangaza ni kuwa swali la pili, yaani mtoto huyo atalala wapi, aghalabu huachwa hadi siku ile anaposhuka basini jijini Nairobi, sanduku mkononi na godoro begani. Swali linaloahirishwa hivyo hujibiwa na dalali wa nyumba au na bahati.

Hapo zamani hapakuwa na haja ya kuliuliza. Chuo kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1956, kikaja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970, kilianza na wanafunzi wachache. Aliyekubaliwa alipewa kitanda na chakula kama alivyopewa kiti darasani. Mambo yalibadilika miaka ya 1990. Wanafunzi walianza kujilipia chakula, na mwaka wa 1998 mlango ukafunguliwa kwa wale wanaojilipia karo yote. Idadi iliongezeka maradufu, lakini mabweni hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Ndiyo maana chumba kilichokusudiwa watu wawili huweza kulaza watatu au wanne, na katika lugha ya wanafunzi yule asiye na kitanda chake huitwa haramia. Jina hilo huchekesha, ila anayeitwa hivyo hulala sakafuni na kuamka kabla mlinzi hajapita.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi mgeni hana budi kulijua ni kuwa chuo hicho hakiko mahali pamoja. Wanaosomea kilimo na utabibu wa mifugo wako Kabete, wa sheria wako Parklands, wa sayansi wako Chiromo, wa ualimu wako Kikuyu, na wa udaktari wako karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Barua ikisema "Nairobi" haijasema yote.

Namkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye bidii, aliyeitwa kusomea kilimo. Familia ilifurahi kwa kuwa ami yake alikuwa na nyumba Kayole, hivyo hapangekuwa na gharama ya malazi. Ikawa kila alfajiri anapanda matatu kwenda mjini, kisha nyingine kwenda Kabete, na jioni vivyo hivyo. Maktaba hakuiona baada ya saa kumi na moja. Majadiliano ya wenzake yalifanyika usiku, naye hakuwapo. Nauli ya muhula mmoja ilipojumlishwa, ilikaribia bei ya kitanda cha bweni. Wahenga walisema rahisi ghali. Ami hakukosea kumkaribisha. Waliokosea ni sisi walimu, tuliompongeza kwa kupata kozi tusimwulize njia atakayopita.

Jambo la pili ni usalama, na hapa hatuna ruhusa ya kusahau. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwakuta wanafunzi mabwenini. Watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Siku kumi baadaye, mlipuko wa umeme ulisikika katika bewa la Kikuyu, nao wanafunzi waliodhani wamevamiwa wakaanza kukimbilia nje gizani. Wengine waliruka kutoka ghorofa za juu. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Funzo la Kikuyu ni kuwa jengo lenyewe, na hofu ya waliomo, huweza kuua pasipo adui. Kwa hiyo, mzazi anayekagua chumba asitazame rangi ya ukuta tu. Na ahesabu milango ya kutokea, atazame kama vyuma vya madirisha hufunguka kutoka ndani, na aulize ni nani ashikaye ufunguo wa lango usiku.

Jambo la tatu ni wenzi wa chumbani. Wanafunzi wengi hutafutana na waliosoma nao shule moja au wanaozungumza lugha moja ya nyumbani. Yaeleweka, kwani ugeni una upweke wake. Hata hivyo, wale wa enzi za mwanzo walilala chumba kimoja, Mkenya na Mganda na Mtanganyika, wakatoka humo wakijuana. Kijana akiishi miaka minne na watu wa kijiji chake, atakuwa amehamisha kijiji hadi jijini.

Wapo wasemao kuwa hosteli za watu binafsi zimemaliza shida hii. Ni kweli kwamba wawekezaji wameiona faida. Mwaka wa 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa dhamana ya kijani, ya kwanza nchini, ili kujenga makao ya wanafunzi. Majengo mazuri ni ya kupongezwa. Lakini mwekezaji humjengea mwenye uwezo wa kulipa. Mtoto wa mkulima mdogo anayesoma kwa mkopo hawezi kushindana na mtoto wa tajiri kwa kodi ya chumba, ilhali mtihani wataufanya pamoja.

Basi rai yangu ni hii. Nafasi za mabweni ya umma zikiwa chache, wa kwanza kupewa wawe wa mwaka wa kwanza, na miongoni mwao waanze wale wasio na jamaa jijini wala fedha. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu amekwisha kuujua mji. Mgeni hajui hata matatu ipi ya kupanda. Nasi walimu wa sekondari, tunapoketi na watahiniwa wetu kuchagua kozi, tuwafungulie pia ramani ya jiji. Tuwaonyeshe darasa litakuwa wapi, kitanda kitakuwa wapi, na kuna umbali gani kati ya viwili hivyo. Katika umbali huo vijana wengi werevu wamepotelea, wala hakuna aliyeandika majina yao.