Kipese: ampuli ya bei ya chini ndiyo inakula feza ya nyumba

Kipese, sawa na Butembo na Beni, iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni na kurudi karibu saa kumi na mbili asubuhi, Januari sawa na Julai. Kwa nyumba inayoacha ampuli ya mlangoni ikiwaka usiku kucha kwa sababu ya usalama mdogo, hiyo ni saa 12 za kulipa kila siku ya Mungu. Na katika maeneo ya Beni na Lubero, ni nani atamwambia mama mwenye watoto azime taa ya nje?

Basi swali la ampuli gani ya kununua si jambo dogo. Lakini dukani swali linaloulizwa ni moja tu: bei gani? Hapo ndipo mkaaji anapoteza.

Chukua ampuli ya zamani, ile ya waya mwekundu ndani ya kioo, ya wati 60. Ikiwaka saa 12 kila usiku, kwa siku 30 inakula kilowati-saa 21,6. Ile iliyosokotwa kama nyoka, ambayo watu waliizoea kwa jina la ekonomiki, inatoa mwangaza karibu sawa kwa wati 14, yaani kilowati-saa 5 kwa mwezi. Ampuli ya LED ya wati 9 inafanya kazi hiyohiyo kwa kilowati-saa 3,2. Kama kilowati-saa moja inauzwa senti 25 za dola, ya kwanza inadai dola 5,40 kwa mwezi na ya mwisho inadai senti 81. Tofauti hiyo ya mwezi mmoja tu inatosha kununua LED nyingine, na feza inabaki.

Kuna pia maisha ya ampuli yenyewe. Ile ya waya imetengenezwa kwa saa 1 000 hivi. Usiku 83, imekufa. Ekonomiki nzuri inafika saa 8 000, LED nzuri saa 15 000, yaani zaidi ya miaka mitatu mlangoni. Neno zito hapa ni "nzuri", maana LED mbaya inaweza kufa mbele ya ile ya zamani.

Ugomvi wote uko hapo. Katoni nyingi zinazopanda kutoka Kasindi zinabeba maandishi makubwa: wati 15, sawa na wati 100! Wati haipimi mwangaza. Wati inapima chakula ambacho ampuli inakula. Mwangaza unapimwa kwa lumeni, na ampuli ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 700 hadi 800. LED ya kweli inatoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati. Katoni isiyoandika lumeni hata mahali pamoja inaficha kitu, na afadhali mnunuzi aiache hapo kwenye meza. Katoni inayoandika inaweza kudanganya vilevile, ndiyo. Lakini muuzaji anayejiamini hatakataa kuwasha ampuli mbili mbele ya ukuta mmoja, wala kuandika tarehe ya kuuza kwa bic chini ya ampuli na kuibadilisha ikikufa ndani ya miezi sita.

Kuhusu ekonomiki, wakati wake umepita, na hakuna sababu ya kuililia. Katika baridi ya asubuhi ya milima ya Lubero inachelewa kufikia mwangaza wake. Ikiwashwa na kuzimwa mara nyingi, kama chooni, inazeeka haraka. Zaidi ya hayo, ndani yake kuna zebaki kidogo. Ikivunjika, inafaa kufungua madirisha, kutoa watoto, kuokota vipande kwa karatasi ngumu na kuvifunga ndani ya chupa. Kuvifagia hadi kwenye shimo la mbolea ni kosa, maana mbolea hiyo inarudi kwenye viazi. Nchi za Afrika ndizo zilizosukuma mkataba wa Minamata kuachana na taa za namna hiyo, na mwaka 2023, kule Geneva, mataifa yalikubaliana kumaliza aina zilizobaki kufikia 2027. Hatari ni kwamba mabaki ya maghala ya kwingine yatatafuta soko huku kwa bei ya kutupa.

Kwa wale wa solari, hesabu ni kali zaidi. Batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 inabeba wati-saa 84 ikiwa mpya, na kuimaliza zaidi ya nusu ni kuiua. LED ya wati 3 ya volti 12 inakula 36 usiku mzima. Ile ya wati 9 inataka 108: batri haifiki asubuhi.

Mtu atasema maskini ananunua kwa feza aliyo nayo leo. Ni kweli, na ndiyo maana asiambiwe abadilishe ampuli zote siku moja. Aanze na ile ya mlangoni, inayowaka usiku kucha.

Lakini mzigo wote usiachiwe mnunuzi. OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia nchini, ifungue katoni pale Kasindi, iwashe ampuli, ipime, na itangaze redioni majina ya zile zilizoshindwa. FEC ya Butembo iwatake waagizaji watoe garanti ya maandishi. Faida si ya nyumba tu. Nyumba 10 000 zikiondoa kila moja ampuli mbili za wati 60 na kuweka LED za wati 9, zinaachilia kilowati 1 020. Kituo cha kwanza cha maji cha Mutwanga, katika teritware ya Beni, kilifunguliwa 2013 na nguvu ya kilowati 400 hivi.