Ukitega Sikio Mlangoni, Kuna Mdudu

Mwezi huu tunazungumzia mazimwi. Tulia, sijamtaja mama mkwe wa mtu. Nazungumzia mazimwi ya kwenye mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na jamaa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Kama umewahi kuangalia tamthilia ya Stranger Things, ndio ule mchezo wanaoucheza wale watoto.

Kwa wasioujua, mambo yako hivi. Watu wanne au watano wanakaa mezani na penseli, karatasi na dadu, nyingine zikiwa na nyuso hadi 20. Mmoja ndiye mwongozaji, anawasimulia wenzake kilichoko mbele yao. Wengine kila mtu ana mhusika wake: shujaa wa upanga, mchawi, mwizi. "Mmefika kwenye mlango. Mnafanyaje?" Unasema unachofanya, unarusha dadu, nayo inaamua kama umefaulu au umekwisha. Safari nyingi zinapita kwenye mahandaki ya chini ya ardhi, kwa sababu huko ndiko kwenye dhahabu, na penye dhahabu pana zimwi.

Mwaka 1977 Gygax akatoa kitabu cha mazimwi matupu, Monster Manual, na ndani yake mna mazimwi zaidi ya 350. Unakifungua ukitegemea kuogopa, unaishia kucheka. Na ukicheka vya kutosha, unaanza kuona humo nyumba za watu unaowafahamu. Yako pia, pengine.

Zimwi la dukani

Baadhi ya mazimwi maarufu ya mchezo huu hayakutoka kwenye ndoto za kutisha. Yalitoka dukani. Gygax alinunua mfuko wa midoli ya plastiki iliyotengenezwa Hong Kong, vitu vya bei poa vyenye maumbo ambayo hata aliyeyachonga sidhani kama alijua anachonga nini. Mmoja akaufanya dubu mwenye kichwa cha bundi. Mwingine ukawa zimwi la kutu.

Zimwi la kutu halina shida na nyama yako. Linachotaka ni chuma. Likikugusa kwa vile vipapasio vyake, vazi lako la chuma linakuwa kutu pale pale, nalo linakaa chini kula. Sasa mwone shujaa aliyekwisha kuua majoka, kajifunika chuma utosini hadi unyayoni, anavyotimua mbio huku mchawi aliyevaa joho lake la kitambaa amesimama anamshangaa. Dada zangu, hao wanaume si mnao? Maisha magumu anayakabili, bosi mkali anamkabili, lakini thubutu kulikwaruza gari lake uone.

Kuna na mchemraba wa jeli. Urefu futi 10, upana futi 10, kimo futi 10, yaani kama mita 3 kila upande, na unaonekana hadi upande wa pili kama kioo. Kwa nini vipimo hivyo? Kwa sababu ramani za mahandaki zilichorwa kwenye karatasi ya mirabamiraba, na kila mraba ulihesabiwa futi 10. Zimwi limeenea kwenye korido kama fundi alikuja kupima kwanza. Kazi yake ni kusafisha: linapita taratibu, linameza takataka, mizoga, na wewe kama uko bize na mambo yako. Visivyoyeyuka, kama sarafu na visu, vinabaki vinaelea tumboni mwake. Handaki linahitaji mfagiaji, akaajiriwa zimwi.

Na usidhani yote ni mageni kwetu. Jini na afriti wamo humo, majina yale yale yanayojulikana pwani yetu, kwa kuwa sisi na wao wote tumeyapata kwenye Kiarabu. Ndani ya kitabu jini ni wa upepo na anaweza kukuletea chakula na vinywaji; afriti ni wa moto na ukimweza anakutimizia matakwa matatu. Bibi zetu wangekuwa na swali moja tu: mbona hao wenu hawadai ubani?

Vita ya kushukiana

Sasa tuje kwenye ishu yenyewe. Wachezaji si wajinga. Wakishaliwa mara moja na zimwi la gizani, safari ijayo wanakuja na taa. Mwongozaji naye anataka mchezo uwe na msisimko, kwa hiyo anatafuta zimwi lisilojali taa. Matokeo yake, ndani ya kitabu kile kuna zimwi linalofanana na dari. Kuna lingine linalofanana na sakafu. Kuna linaloning'inia pangoni kama jiwe, likisubiri upite chini yake lijiachie. Kuna mwigaji, anayejifanya sanduku la hazina au mlango. Ukimshika tu, umenata. Mwaka 1981 kikaja kitabu kingine, Fiend Folio, kikaongeza shuka. Naam, shuka. Linakuangukia, linakufunika gubigubi, linakukosesha pumzi. Wenye ndoa, utani wa hapo nawaachia wenyewe.

Wachezaji nao walikuwa na silaha yao: mti wa futi 10, uliokuwemo kwenye orodha ya vifaa tangu mwaka 1974. Ukishajua kuwa sakafu inaweza kukula, huweki mguu kabla ya kugonga. Gonga sakafu. Gonga dari. Gonga sanduku. Mgonge na aliyekuja kukuokoa, huenda si yeye. Mashujaa waliotoka nyumbani kwenda kuua joka wanamaliza usiku mzima kwenye korido moja, wanagonga kuta kama mafundi bomba.

Halafu wakajifunza na kutega sikio. Kabla ya kufungua mlango, mmoja analaza shavu kwenye ubao na kusikiliza waliomo ndani. Mlango wa kwanza, wa pili, wa kumi, kila mlango. Ndipo ndani ya Monster Manual utamkuta mdudu mdogo anayeitwa mtafuta masikio. Anaishi ndani ya mbao. Wewe ukilaza sikio pale, yeye anaingia, anataga mayai mahali penye joto, na watoto wakianguliwa wanaanza kula walichokikuta. Usipopata tiba, mara nyingi unakufa.

Hebu mfikirie huyo mdudu. Halindi dhahabu. Hana upanga, hana mfalme anayemtumikia. Angewezaje kuishi kama watu wangekuwa wanafungua mlango na kuingia? Ni zimwi lililotengenezwa kwa ajili ya tabia moja tu ya binadamu: kutaka kusikia ya ndani bila kuingia.

Umeshaona tunakokwenda. Mume anachungulia simu ya mke, hakuti kitu. Mke akigundua, anaweka namba ya siri. Hana anachoficha, amekereka tu. Mume akiiona namba ya siri anasema, "Ahaa!" Anaanza kuuliza kwa mashoga zake. Mashoga wanamfikishia mke. Mke naye anajiuliza, huyu anayenichunguza hivi, yeye anaficha nini? Usiku simu ya mume ikilia meseji, wawili wote wanaruka. Tazama vizuri: mpaka hapa hakuna nyumba ndogo, hakuna aliyetoka nje. Kuna mti wa futi 10 na mdudu wa sikioni, basi. Lakini nyumba imeshakuwa handaki, na kila shuka linatiliwa shaka.

Macho 11 na usingizi mbaya

Zimwi maarufu kuliko yote kwenye mchezo huu linaweza kuitwa Mtazamaji. Ni tufe linaloelea hewani, lina mdomo mkubwa, jicho moja kubwa katikati, na mengine kumi juu ya kichwa, kila moja kwenye kishina chake. Lilianza kuonekana mwaka 1975. Yale macho kumi yana uchawi: moja linalaza usingizi, lingine linageuza mtu jiwe, lingine linamfanya adui akupende ghafla. Lile la katikati linazima uchawi wowote ulio mbele yake, hata ule unaotoka kwenye macho yake mwenyewe. Yaani kadiri anavyokukazia jicho kubwa, ndivyo macho yake ya kupendesha yanavyokosa nguvu kwako. Sina la kuongeza hapo.

Mtazamaji hamwamini mtu. Watazamaji wenzake ndio anawachukia kabisa, maana kila mmoja anajiona ndiye mwenye umbo kamili na wengine ni makosa. Kwa hiyo anaishi peke yake, anapanga jinsi ya kujilinda na wapinzani, mchana kutwa usiku kucha. Sasa kitabu cha mwaka 2016, Volo's Guide to Monsters, kikaeleza anavyozaliwa, na hapo nilikiweka chini kwanza nikapumua. Mtazamaji akilala na kuota Mtazamaji mwingine, ndoto ile inaweza kugeuka kweli. Akiamka, mpinzani yupo chumbani.

Rudia kusoma. Huyo mpinzani hakuwepo. Amezaliwa na hofu ya yule yule aliyekuwa akimwogopa. Ukimwambia mwenzako kila siku, "Najua kuna mtu wako," miezi sita mfululizo, siku moja atachoka na atakaa na mtu ambaye hamhoji. Simtetei atakayefanya hivyo, anajua alichofanya. Nasema tu kwamba huyo mtu alianza kuishi kwenye ndoto zako kabla hajaishi kwenye simu yake.

Anayenenepa kwa kipigo

Kuna vijizimwi vifupi vinavyoitwa goblin. Andika jina hilo kuanzia nyuma, unapata nilbog, naye ni zimwi la kwenye Fiend Folio. Kila kitu kwake ni kinyume. Ukimkata upanga, anapata nguvu. Ukimkata tena, anazidi. Njia ya kumwangusha ni kumtibu: mpe dawa ya kuponya, ndiyo inayomwumiza. Na akiwa karibu, hata mashujaa wanaanza kufanya mambo kinyume: wanabeba dhahabu yao wenyewe, wanaipanga kwenye hazina ya goblin, wanaondoka mikono mitupu. Kaka zangu, naona baadhi yenu mmeinamisha vichwa.

Ugomvi mwingi wa wapenzi ni nilbog. Ukirusha neno kali, unakua. Ukiongeza la mwaka juzi, unakua zaidi. Halafu mmoja anasema, "Umekula?" na lile zimwi linapungua nusu mbele ya macho yenu.

Lakini tusidanganyane. Mkono unaokupiga si nilbog, wala hautibiwi kwa chai na maneno matamu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na msemo huo umetumika sana kuwarudisha dada zetu kwenye nyumba walizokimbia wakiwa na majeraha. Usome tena polepole. Haujasema zimwi halikuli. Umesema halikumalizi. Kwa zimwi la kweli, tafuta mlango wa kutokea, na usigonge dari kwanza.

Flamfu

Nimalizie na ninayempenda. Jina lake ni flumph, litamke flamfu. Naye ametoka kwenye Fiend Folio. Anafanana na konyeza wa baharini anayeelea hewani, na ukimpindua chali hana ujanja tena. Miaka mingi wachezaji wamemcheka kuwa ni zimwi la kijinga kuliko yote. Sasa soma tabia yake: ni mwema, tena mwema hasa, hana nia mbaya na mtu. Kwenye Monster Manual ya mwaka 2014 alirudi, na humo kazi yake ni kuwaonya mashujaa juu ya hatari iliyo mbele. Mle mahandakini, ambamo sakafu inakula na shuka linaua, kulikuwa na kiumbe mmoja wa kuaminika, na watu walikuwa wanamcheka umbo. Wengine mnao flamfu nyumbani. Hajui kuvaa, anacheza muziki vibaya, lakini hajawahi kukudanganya. Msimpindue.

Na msisahau kitu kimoja kuhusu mchezo huu. Mwongozaji aliyeleta mdudu na wachezaji waliotega sikio wamekaa meza moja, wanakula karanga kwenye sahani moja. Mwongozaji anayedhani kazi yake ni kuwaua wenzake hubaki na dadu zake peke yake, maana wote watakwenda nyumbani. Mchezo unanoga pale wote wanapokumbuka kuwa wako upande mmoja.

Ile orodha ya vifaa ya mwaka 1974 ina mti, kamba na mienge. Sisi tuna kifaa kingine, hakiuzwi na hakina uzito. Ukifika kwenye mlango wa mwenzako na moyo unadunda, usilaze sikio. Piga hodi, kisha subiri akukaribishe, uingie umuulize.

Tukutane mwezi ujao.